Maisha ya Daktari Bjørn Ibsen

Nataka kuwasimulia habari za Daktari Bjørn Ibsen wa Denmark, aliyezaliwa mwaka 1915 na kufariki mwaka 2007. Kazi yake ilikuwa kuwapa dawa ya usingizi wagonjwa wanaopasuliwa.

Mwaka 1952 polio iliingia Copenhagen kwa nguvu. Wagonjwa walipooza hata misuli ya kupumulia, na mashine zilikuwa chache mno. Ndipo Ibsen alipoitwa. Msichana wa miaka 12 alikuwa karibu kukata roho. Koo likatobolewa, mpira ukatiwa, naye Ibsen akamsukumia hewa kwa kukamua mfuko kwa mkono. Msichana yule hakufa. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1500 wakashika zamu usiku na mchana, na vifo vikapungua sana. Mwaka 1953 Ibsen akaanzisha wodi ya mahututi, miongoni mwa za kwanza duniani.

Wenzangu wa Kidato cha Nne, karibu tutachagua kazi. Wengi hutamani upasuaji, kwa kuwa mpasuaji ndiye asifiwaye. Mimi nimeipenda njia ya Ibsen, ya kukesha na mahututi. Waliokamua mifuko ile walikuwa wanafunzi bado, kama sisi.