Yabba: muuza sungura aliyesikika uwanja mzima

Katika uwanja wa kriketi wa Sydney, nchini Australia, kuna sanamu ya shaba ya mtu ambaye hakuwahi kuichezea timu ya taifa hata mara moja. Alikuwa shabiki. Jina lake ni Stephen Harold Gascoigne, lakini Waaustralia wanamfahamu zaidi kama Yabba.

Alizaliwa Redfern, mjini Sydney, tarehe 19 Machi 1878, na jina lake linahusishwa zaidi na Balmain, mtaa wa watu wa bandarini na viwandani. Riziki yake ilikuwa kuuza sungura. Mwaka 1859 mwenye shamba mmoja katika jimbo la Victoria aliachia sungura kutoka Uingereza ili apate wa kuwinda. Wakazaana mpaka wakawa janga kwa wakulima. Kwa maskini wa mjini, janga hilo lilikuwa kitoweo rahisi. Wachuuzi walipita mitaani wakinadi, wakimchuna sungura pale pale mlangoni kwa mteja.

Yeyote anayemjua muuza samaki wa asubuhi anajua kwamba sauti ndiyo duka lake. Sauti ya Gascoigne ilikuwa kubwa kuliko za wenzake, na maneno hayakumwishia. Ndiyo maana akaitwa Yabba, mtu wa maneno mengi.

Siku za mechi, sauti hiyo aliipeleka uwanjani. Kwa asiyeijua kriketi: mmoja anarusha mpira, mwenzake wa timu pinzani anaupiga kwa gongo huku akilinda vijiti vitatu vilivyo nyuma yake, na pointi zinapatikana kwa kukimbia. Pointi hizo huitwa mikimbio. Mechi kubwa ya kimataifa huchukua siku kadhaa, na kuna vipindi virefu ambapo hakuna kinachotokea. Uwanja unanyamaza. Hapo ndipo Yabba alipofungua kinywa.

Mahali pake palikuwa ule mteremko wa nyasi ulioitwa Kilima, karibu na ubao wa matokeo, ambako watu wa kipato kidogo waliketi chini juani. Wanachama na wakubwa walikuwa kwenye majukwaa yenye paa. Lakini maneno ya Kilimani yaliwafikia wote, wachezaji na waamuzi wakiwemo.

Inasimuliwa kwamba mpigaji mmoja aliganda muda mrefu bila kutafuta mikimbio. Yabba akamtangazia kuwa anatamani yule bwana angekuwa sanamu na yeye angekuwa njiwa. Mwingine wa aina hiyo alipokimbia hatimaye mara moja, Yabba alipiga kelele kama mtu anayemzuia farasi aliyekata kamba. Watu wamempachika vichekesho vingi, na huenda baadhi vilitoka kwa wengine. Hayo ndiyo mambo ya mtu maarufu. Lakini kilichomtenga na wapiga makelele wa kawaida ni kwamba aliujua mchezo. Alingoja, akaangalia, kisha akasema jambo moja lililompata mhusika pale pale alipokosea.

Wachezaji walimheshimu kwa hilo. Jack Hobbs wa Uingereza, mpigaji mkubwa wa zama zake, alikuwa na umri wa miaka 46 alipoichezea nchi yake Australia kwa mara ya mwisho katika msimu wa 1928-29. Kabla ya kuuaga uwanja wa Sydney alitembea hadi upande wa Kilima na kumpa Yabba mkono. Hobbs mwenyewe alikuwa mtoto wa mtunza uwanja, wa kwanza katika familia ya watoto 12. Pengine hakuona ajabu kumfuata muuza sungura kwenye nyasi.

Miaka minne baadaye hali ilibadilika. Nahodha wa Uingereza, Douglas Jardine, aliwaagiza warushaji wake, hasa Harold Larwood mwenye kasi kubwa, kuelekeza mipira kwenye miili ya wapigaji wa Australia. Wachezaji waliumia, na ugomvi ukafika ngazi za serikali. Hasira viwanjani ilikuwa kali. Katika mazingira hayo, Jardine alionekana akifukuza inzi usoni, na Yabba, kwa mujibu wa masimulizi, akamwomba awaache inzi wa Australia, kwani ndio marafiki pekee aliobaki nao nchini humo. Uwanja ukacheka. Kicheko hicho hakikumtibu aliyeumia, lakini kumcheka Jardine kulikuwa bora kuliko kumrushia chupa.

Yabba alifariki tarehe 8 Januari 1942, akiwa na umri wa miaka 63. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimesimamisha mechi za kimataifa, hivyo Kilima kilikuwa kimya kabla hajaondoka.

Baadaye mteremko ule ulipewa jina lake rasmi, lakini haukudumu. Nyasi zilimezwa kidogo kidogo na viti na majukwaa ya kisasa, hadi mahali pa kujinyoosha chini pakaisha kabisa. Mwezi Desemba 2008, palipokuwa na Kilima, ilizinduliwa sanamu ya Yabba. Ameinuka nusu kutoka kitini, kiganja kimekingwa mdomoni, tayari kuita. Safari hii, aliyegeuzwa sanamu ni yeye, tena katikati ya viti vya kulipia.