Monet na kivuli cha buluu

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Nami nilifundisha miaka mingi kabla ya kutambua kuwa wengi wetu tuna macho na bado twahitaji kuambiwa. Siku moja nilimkosoa mwanafunzi aliyepaka kivuli cha mti rangi ya buluu. Nilimwambia kwamba kivuli ni cheusi. Baadaye, niliposoma maisha ya Claude Monet, niliona haya.

Monet alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka wa 1840, akalelewa katika bandari ya Le Havre. Huko mchoraji Eugène Boudin alimshawishi atoke nje, achore mbele ya bahari na mawingu. Ndipo alipong'amua kuwa kitu hakina rangi moja ya kudumu, bali rangi hufuata saa, ukungu na jua.

Mwaka wa 1872 aliichora bandari hiyo wakati wa macheo. Picha hiyo ilipoonyeshwa Paris mwaka wa 1874, mhakiki Louis Leroy aliikejeli, na kutokana na anwani yake akawabandika wachoraji wale jina la Waimpreshonisti. Dhihaka hiyo iligeuka kuwa jina la heshima, lakini si upesi. Monet aliandamwa na madeni, na mwaka wa 1879 akafiwa na mkewe, Camille, aliyekuwa na umri wa miaka 32.

Hata hivyo, hakuiweka brashi chini. Akiwa Giverny, alikohamia mwaka wa 1883, alichora marundo yale yale ya ngano asubuhi, jioni na wakati wa theluji, akibadilisha turubai kila mwanga ulipobadilika. Kisha akalichora kanisa kuu la Rouen zaidi ya mara 30. Mawe yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni hewa na nuru. Hata mtoto wa jicho, uliomfanya apasuliwe mwaka wa 1923, haukumzuia kuyachora mayungiyungi ya bwawa lake karibu hadi kifo chake mwaka wa 1926.

Walimu wenzangu, yule mwanafunzi alikuwa ametazama. Mimi ndiye niliyekariri. Tangu siku ile hakunionyesha tena mchoro wake. Basi kabla hatujatia alama ya kosa katika daftari la mtoto, tutoke naye nje kwanza, tukakitazame hicho kivuli.