Jaramogi Odinga: Mzee wa suti bila tai na bei aliyolipa

UKIPANDA boti asubuhi pale Sena, Mfangano, kuelekea Mbita, hutakosa kumwona kijana aliyebeba viatu mkononi ili visilowe. Koti la suti amelikunja magotini. Shati jeupe limepigwa pasi, kifungo cha juu kiko wazi. Tai hana. Anaenda mahojiano ya kazi Homa Bay, na njia nzima anawaza jambo moja tu: kwani watanichukuliaje bila tai?

Labda kijana huyo ni wewe. Kama ni wewe, kuna mzee mmoja ningependa umjue kabla boti haijafika Mbita. Unamsikia kila msimu wa siasa, jina lake liko kwenye barabara na vyuo, lakini pengine hujawahi kuambiwa habari za koti lake.

Ni Jaramogi Oginga Odinga. Kwao si Mfangano. Kwao ni Nyamira Kang'o, Bondo, ng'ambo ya maji upande wa kaskazini. Alizaliwa mwaka wa 1911 hivi, akasoma Maranda, Maseno, Alliance na hatimaye Makerere, kisha akarudi Maseno kufundisha. Shika hapo kwanza. Huyu hakuwa mtu wa kijijini asiyejua tai inafungwa vipi. Alipitia shule ambako Mwafrika aliyesoma alitarajiwa kuvaa, kula na kuzungumza kama Mzungu, na akiishaiga vizuri apongezwe kwamba amestaarabika. Aliyajua hayo yote ndani nje. Alipoyaacha, aliyaacha kwa hiari.

Alianza na jina. Alipobatizwa aliitwa Obadiah Adonijah. Baadaye akayatupa majina hayo, na alipopeleka watoto wake kanisani alitaka wabatizwe kwa majina ya Kiafrika peke yake. Kukazuka mvutano na viongozi wa kanisa, maana wakati huo jina la Kikristo lilimaanisha jina la Kizungu. Mzee hakulegeza msimamo. Leo unaona ni jambo dogo, si ndiyo? Enzi zile, kwa mwalimu wa shule ya misheni, lilikuwa jambo la kuhatarisha kazi na heshima yake.

Kisha akaingia kwenye biashara. Mwaka wa 1947 aliongoza kuanzishwa kwa Luo Thrift and Trading Corporation, shirika la kuwafanya Wajaluo waweke akiba pamoja na kufanya biashara yao wenyewe. Wakajenga Ramogi House mjini Kisumu na kufungua kiwanda cha uchapishaji. Wakati huo biashara kubwa ilikuwa mikononi mwa Wazungu na Wahindi, na Mwafrika alitazamwa kama mtu asiyeweza kuendesha kampuni. Hisa ziliuzwa kwa watu wa kawaida, wakulima na vibarua. Ndipo jina lake lilipoenea Nyanza nzima.

Mwaka wa 1953 alisafiri hadi India na kukaa huko miezi miwili, safari aliyoiandikia kitabu kidogo kwa Kijaluo, Dweche Ariyo e India. India ilikuwa imepata uhuru miaka sita tu iliyotangulia. Viongozi wake, kuanzia Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru, walikutana na wakuu wa dunia wakiwa wamevalia koti refu lenye kola fupi iliyosimama, limefungwa vifungo hadi shingoni. Hapakuwa na mahali pa kufungia tai. Na hakuna aliyethubutu kusema kwamba Nehru hajavaa vizuri.

Sasa twende 1957. Mwaka huo Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria, lile lililoitwa Legco. Viti vilikuwa vinane. Odinga alishinda cha Nyanza ya Kati, na ili agombee aliachia cheo cha Ker, kiongozi wa jamii ya Wajaluo, kwa sababu Ker hapaswi kuwa mwanasiasa. Kwenye kiti cha Nairobi alishinda kijana wa miaka 26, Tom Mboya. Ukiwa kwenye boti yako, kisiwa unachokipita ndicho kwao Mboya: Rusinga. Ndiko alikozikwa.

Waheshimiwa hao wawili walikuwa na mwonekano tofauti kabisa. Mboya alikuwa mtanashati wa suti ya Kizungu, shati safi, tai imenyooka. Odinga aliingia Legco akiwa amevaa mavazi ya jadi ya Kijaluo na kofia ya shanga. Fikiria chumba hicho: maafisa wa serikali ya Malkia, walowezi wenye mashamba makubwa, kila mmoja na suti yake, halafu mzee anaingia na shanga kichwani. Alikuwa anawaambia, bila kufungua mdomo, kwamba nimekuja hapa kama nilivyo, na watu walionituma wanafanana na mimi.

Lakini mdomo pia aliufungua. Mwaka wa 1958, ndani ya baraza hilohilo, alisema kwamba Jomo Kenyatta na wenzake waliofungwa bado ndio viongozi wa Waafrika. Ilikuwa kama kurusha jiwe kwenye mzinga wa nyuki. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewafunga wale watu kwa kesi ya Mau Mau, na hata baadhi ya Waafrika wenzake walishtuka. Chama cha KANU kiliposhinda uchaguzi wa 1961, yeye alikuwa mstari wa mbele kukataa kuunda serikali mpaka Kenyatta aachiliwe.

Miaka hiyo ya 1960 ndipo koti lake lilipopata umbo tunalolikumbuka. Alizuru Uchina na nchi nyingine za kikomunisti mwaka wa 1960, jambo lililowaudhi sana Waingereza. Katika picha nyingi za tangu hapo utamwona na suti iliyofungwa hadi kooni, kola imesimama, hakuna tai, kofia kichwani na mgwisho mkononi. Suti ya namna hiyo ilianzia Uchina kwa Sun Yat-sen, kiongozi wa mapinduzi ya 1911, na Mao Zedong akaifanya ijulikane duniani. Jirani zetu nao walikuwa na zao. Julius Nyerere wa Butiama alivaa inayofanana nayo, na Kenneth Kaunda wa Zambia akawa na yake, ambayo hadi leo fundi yeyote wa Kenya ukimwambia Kaunda suti anachukua futi yake na kuanza kukupima.

Unaona jambo hapo? Hawa hawakukataa suti. Suruali ni ileile, koti ni lilelile, kitambaa kizuri na mshono wa maana. Walichokikataa ni kile kipande cha shingoni, ambacho hakizuii baridi wala hakifungi shati. Tena hata Waingereza hawakukianzisha wao. Chanzo chake ni vitambaa vya shingoni vya wanajeshi wa Croatia waliopigana upande wa Ufaransa katika karne ya 17. Wafaransa wakavipenda, Waingereza wakaiga, kisha wakatuletea sisi kama kipimo cha ustaarabu.

Desemba 1964, Kenya ilipokuwa jamhuri, Odinga akawa makamu wa kwanza wa rais. Angeweza kutulia. Nyumba ipo, gari lipo, mshahara upo. Lakini alianza kuuliza maswali: mbona mashamba ya walowezi yanawaendea wachache? Mbona waliopigania uhuru hawana hata pa kulima? Machi 1966, kwenye mkutano wa KANU mjini Limuru, wadhifa wake wa makamu wa rais wa chama ulifutwa na kugawanywa vipande vinane. Mwezi uliofuata akajiuzulu serikalini na kuongoza chama kipya, KPU. Mwaka wa 1967 akachapisha kitabu chake, Not Yet Uhuru, na jina lenyewe linakwambia alichokuwa anafikiria.

Aliyepanga mikakati ya kumbana pale Limuru alikuwa nani? Tom Mboya, yule wa Rusinga. Hapa ndipo ningependa uwe mwangalifu, usije ukatoka na somo la uongo. Mboya na tai yake hakuwa kibaraka. Alipigania wafanyakazi, alipigania uhuru, na kuanzia 1959 alisaidia kupeleka mamia ya vijana kusoma Marekani, wakati Odinga akiwapeleka wengine nchi za mashariki mwa Ulaya. Tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi Nairobi, akiwa na miaka 38. Tai haikumfanya Mboya msaliti, na kukosa tai hakukumfanya Odinga malaika. Mwaka wa 1993 mzee huyuhuyu alikiri kwamba alipokea Sh2 milioni kutoka kwa mfanyabiashara aliyekuwa katikati ya sakata ya Goldenberg, na wafuasi wake wengi waliumia.

Ukitaka ushahidi mwingine kwamba kola haina uhuru ndani yake, tazama Zaire ya Mobutu. Miaka ya mwanzo ya 1970 alipiga marufuku suti na tai za Kizungu, akawataka wanaume wavae abacost, kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya suti ziishe. Vazi lilifanana na la kina Odinga. Lakini wananchi wake walilivaa kwa amri, huku nchi ikifilisiwa. Kuvuliwa tai kwa nguvu na kufungwa tai kwa nguvu, tofauti iko wapi?

Basi tofauti ya Odinga ni ipi? Ni bei aliyolipa. Oktoba 1969 Rais Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi. Wawili hao wakarushiana maneno hadharani, vurugu zikazuka, walinzi wakafyatua risasi na watu wakauawa, watoto wakiwemo. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku na Odinga akatupwa kizuizini, karibu mwaka mmoja na nusu. Alipotoka, milango ya siasa ilifungwa. Mwaka wa 1979 alizuiwa kugombea. Mwaka wa 1982 alifukuzwa KANU, na baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti mwaka huo akafungiwa nyumbani kwake Kisumu.

Muda wote huo njia ya kurudi kwenye meza ya wakubwa ilijulikana: omba msamaha, nyamaza, kaa sawa. Kuna wakati alijaribu kuelewana nao, lakini kunyamaza kulimshinda. Mwaka wa 1991, akiwa na miaka karibu 80, alikuwa miongoni mwa waasisi wa FORD waliodai vyama vingi. Mwaka uliofuata aligombea urais na kumaliza wa nne, nyuma ya Moi, Matiba na Kibaki. Akaingia bungeni kama mbunge wa Bondo na kiongozi wa upinzani. Alifariki Kisumu tarehe 20 Januari 1994, urais hakuwahi kuuonja.

Unaweza kudhani mjadala wa tai uliisha naye. Wapi! Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku Kaunda suti bungeni. Mbunge mwanamume anatakiwa awe na koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu. Yaani miaka 60 baada ya uhuru, suti aliyoipenda makamu wa kwanza wa rais wa nchi hii haifai kuvaliwa ndani ya bunge la nchi hiyohiyo.

Wewe wa Mfangano unalielewa jambo hili kuliko wengi. Bibi na babu zako ni Wasuba. Lugha yao ilimezwa polepole na Kijaluo, shuleni, kanisani, sokoni, hadi leo wanaoizungumza vizuri ni wachache, na wengi wao ni wazee. Hakuna aliyewalazimisha kwa bunduki. Walianza tu kuona kwamba cha wenyewe ni cha nyumbani, na cha kutokea nacho mbele za watu ni cha wengine. Hivyo ndivyo vitu vinavyopotea.

Sasa turudi kwenye boti. Sikushauri uende ukagombane na mtu wa kuajiri. Kama wameandika kwamba tai inahitajika, azima, vaa, upate kazi ulee mama yako. Hakuna aibu hapo. Lakini kama hawakuandika, usiingie chumbani umejikunyata kana kwamba umekuja uchi. Shati ni safi, koti limekukaa, vyeti unavyo, kazi unaijua. Funga kifungo cha juu au kiache wazi, mradi uwe umeamua wewe.

Na siku moja ukiwa upande wa pili wa meza, wewe ndiye unayeuliza maswali, na mlangoni akaingia kijana wa kisiwani bila tai, usianzie shingoni. Msikilize kwanza.

Haya, Mbita hiyo. Vaa viatu.