Andrew Foster, Mwalimu wa Viziwi

Mtu asimamaye Kigoma au Ujiji akatazama magharibi huona ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo. Naye akiufuata ufuo kwenda kaskazini hufika Burundi. Katika nchi hizo mbili alifanya kazi Andrew Foster, mwalimu aliyekuwa kiziwi, na habari zake zatufaa sisi wa upande huu pia.

Alizaliwa mwaka wa 1925 katika Alabama, Marekani, mwana wa mchimba makaa ya mawe. Hata mwaka wa 1936, alipokuwa na miaka 11, yeye na ndugu yake walishikwa na homa ya uti wa mgongo. Walipona, lakini masikio yao yakaziba kabisa. Akapelekwa Talladega, katika shule ya viziwi weusi, maana siku zile weusi na weupe walitengwa. Baadaye akahamia Detroit, akafanya kazi huku akisoma. Chuo cha viziwi cha Gallaudet kilimkataa kwa ajili ya rangi yake, wala hakuacha kuomba. Mwisho akapokewa, na mwaka wa 1954 akawa kiziwi mweusi wa kwanza kupata shahada chuoni hapo.

Wakati huo walimu wa viziwi walikuwa na shindano la siku nyingi. Mwaka wa 1880 walikutana Milan, Italia, nao karibu wote walikuwa watu wenye kusikia. Wakakata shauri kwamba kiziwi afundishwe kwa kinywa, wala si kwa ishara. Tangu hapo katika shule nyingi watoto walikatazwa kutumia mikono. Lakini midomo haionyeshi yote. Tamka bila sauti mbele ya mwenzako baba, kisha mama, kisha papa. Midomo hufungwa na kufunguka namna ile ile. Mtoto asiyesikia tangu kuzaliwa atapambanuaje? Miaka hupita akijitaabisha na maneno machache, na elimu nyingine yote yamngoja. Foster alikuwa ameweka akiba ya maneno kabla ya kuugua. Mtoto huyo hana akiba hiyo.

Mwaka wa 1956 Foster alianzisha misioni kwa ajili ya viziwi wa Afrika, na mwaka wa 1957 akafika Accra, Ghana. Wengi walidhani viziwi ni wachache sana; kumbe wengine walikuwa wamefichwa majumbani. Akaazimwa chumba katika shule ya Wapresbiteri huko Osu, akafundisha saa ambazo wanafunzi wengine wamekwisha kwenda zao. Alifundisha kwa ishara, kwa herufi za vidole, kwa kuandika, na kwa kinywa pia kwa yule awezaye. Kazi ikaenea hata nchi 13, na shule zikapita 30, nazo Burundi na Kongo zimo. Tena aliwafunza viziwi wenyewe wawe walimu wa wenzao.

Hata hivyo kazi yake ilikuwa na upungufu wake. Ishara alizoleta zilikuwa za Marekani, na mahali pengine zilizisonga ishara walizokuwa nazo wenyeji.

Tarehe 3 Desemba 1987 alikuwa safarini kwenda Kenya. Ndege ndogo aliyopanda ikaanguka katika Rwanda, naye akafa.

Kwetu Tanzania, shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka wa 1963, katika njia ya reli iendayo Kigoma, nayo kwa miaka mingi ilishika njia ya kinywa. Mwaka wa 1981 Kanisa letu la Kilutheri lilifungua shule ya viziwi Mwanga, Kilimanjaro. Na mwaka wa 1993 Chama cha Viziwi kilitoa kamusi ya lugha ya alama ya Tanzania, yaani ishara za viziwi wa nchi hii.

Basi, mzazi mwenye mtoto kiziwi asimfiche, wala asingoje mpaka mtoto aseme ndipo aanze kumfundisha. Wajifunze alama pamoja angali mdogo, kwa maana miaka ya kwanza ya mtoto ikipita bila lugha ni vigumu mno kuilipa.