Abu Rayhan al-Biruni na Kitabu cha Maswali



 

Wapenzi wanafunzi, pamoja na wazazi ambao huwa mnasomewa jarida hili nyumbani. Wapo kaka na dada zenu waliotoka katika madrasa wakaingia vyuoni, na huko wakakutana na somo la falaki la mwaka wa kwanza. Siku hizi kazi za nyumbani za somo hilo mara nyingi hutolewa kwenye intaneti. Swali linatokea kwenye kompyuta, mwanafunzi anakokotoa, anaandika namba, na mashine inamjulisha hapo hapo kama amepata au amekosa. Wengi hulalamika kwamba walidhani wanakwenda kutazama nyota, kumbe wamepewa hesabu, na kila wakimaliza swali moja linakuja jingine. Wengine huuliza somo hilo linamfaa nini Muislamu. Basi katika toleo hili tumeona tuwaeleze habari za mtu aliyeishi umri wake wote ndani ya maswali ya namna hiyo, na ambaye karibu miaka 1000 iliyopita aliandika kitabu cha falaki kwa ajili ya wanaoanza, tena kwa maswali na majibu.

Huyu ni Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alizaliwa mwezi wa Dhul-Hijja mwaka 362 Hijria, sawa na Septemba 973, katika mji wa Kath, nchi ya Khawarizm. Mji huo ulikuwa kando ya mto Amu Darya, katika nchi ambayo leo ni Uzbekistan, na mji uliopo sehemu hizo sasa umepewa jina lake. Neno Biruni lina maana ya mtu wa nje, yaani wa kitongoji cha nje ya mji. Hakuwa mtoto wa mfalme wala wa tajiri. Bahati yake ilikuwa mwalimu. Abu Nasr Mansur bin Iraq, mwanahesabu mkubwa aliyetoka katika ukoo uliokuwa ukitawala Kath, alimchukua akamfundisha, na usuhuba wao ulidumu mpaka uzeeni. Abu Nasr alifikia hata kumwandikia mwanafunzi wake vitabu na kuvitaja kwa jina lake. Walimu wa namna hiyo ni wachache.

Alipokuwa na umri wa miaka 17, mwaka 990, Biruni alipima kimo cha jua la mchana na kutokana nacho akapata latitudo ya mji wake, ambayo ni zaidi kidogo ya digrii 41 na nusu kaskazini ya ikweta. Kazi hii hata leo hupewa wanaoanza falaki, na nyinyi mnaweza kuifanya uwanjani. Tarehe 21 Machi jua liko juu ya ikweta. Mtu wa Dar es Salaam akilipima saa sita mchana, linapofika kileleni, atalikuta kwenye kimo cha karibu digrii 83. Akitoa 83 katika 90 anapata 7, na hiyo ndiyo latitudo yake. Kinachotakiwa ni fimbo iliyosimama wima, kivuli chake na hesabu kidogo.

Kijana akanogewa. Akatengeneza duara kubwa la kupimia, kipenyo chake dhiraa 15, ili afuatilie jua kwa mwaka mzima. Hakuwahi. Mwaka 995 vita vilizuka baina ya watawala wa Kath na wale wa Gurganj, mji wa pili wa Khawarizm. Ukoo wa mwalimu wake ukaangushwa, mfalme wao akauawa, na Biruni, mwenye miaka 22, akakimbia na kuacha kila kitu.

Alifika mpaka Rayy, karibu na ilipo Tehran leo, hana kitu. Yeye mwenyewe ameeleza katika maandishi yake kwamba huko alijadiliana na mjuzi mmoja wa nyota juu ya jambo la kielimu, na yule bwana akamdharau, si kwa sababu hoja yake ilikuwa mbovu, bali kwa sababu alikuwa masikini. Baadaye hali ya Biruni ilipotengemaa, mtu yule yule akawa rafiki. Biruni ameandika habari hiyo bila matusi, lakini hakuisahau. Huko Rayy ndiko alikokutana pia na al-Khujandi, aliyejenga chombo kikubwa mno cha kupimia jua juu ya mlima, naye akajifunza kwake.

Miaka miwili tu baada ya kukimbia tunamkuta tena Kath, na hapo alifanya jambo ambalo nalipenda kuliko mengi aliyoyafanya. Usiku wa tarehe 24 Mei 997 mwezi ulipatwa. Kabla ya hapo Biruni alikuwa amekubaliana na Abu al-Wafa, mwanafalaki mzee aliyekuwa Baghdad, kwamba kila mmoja autazame kutoka mji wake na aandike saa. Mwezi ukipatwa, wote wanaouona wanaona kwa wakati mmoja, lakini saa za miji hazilingani, kwa kuwa jua haliwazamii watu wote pamoja. Walipolinganisha waliyoandika walikuta tofauti ya karibu saa moja. Na kwa kuwa dunia ina digrii 360 na siku ina saa 24, kila saa moja ni digrii 15. Hivyo wakajua Kath iko umbali gani mashariki ya Baghdad, bila mmoja kumtembelea mwenzake. Mwanafunzi wa leo anayefanya kazi ya nyumbani na mwenzake aliye mji mwingine kwa njia ya intaneti hatakuwa mgeni wa jambo hili. Tofauti ni kwamba wao jibu lilisubiri msafara wa ngamia.

Kutoka hapo alikwenda Jurjan, kwa mtawala aliyeitwa Qabus, na karibu mwaka 1000 akamwandikia kitabu kikubwa kuhusu kalenda za mataifa mbalimbali. Katika miaka hiyo hiyo alimwandikia Ibn Sina maswali 18 juu ya mambo ya mbingu na maumbile, mengi yakihoji maneno ya Aristotle. Mojawapo liliuliza kwa nini barafu huelea juu ya maji. Ibn Sina akajibu, Biruni akayarudia majibu kwa ukali, na mwisho Ibn Sina akamwachia mwanafunzi wake aendelee na ubishi. Kwa kweli lugha ya Biruni katika barua zile haikuwa laini, na adabu hiyo siwapendekezei, ingawa maswali yenyewe yalikuwa mazuri.

Kisha akarudi Khawarizm, sasa akiwa mtu wa baraza la mfalme wa Gurganj. Utulivu ule nao haukudumu. Mwaka 1017 Sultan Mahmud wa Ghazna aliiteka nchi, na wanachuoni wakachukuliwa pamoja na mateka wengine kupelekwa Ghazna, ambayo ni Ghazni ya Afghanistan ya leo. Miongoni mwao alikuwemo Biruni, na Abu Nasr mwalimu wake.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba 1018, alikuwa katika kijiji kimoja karibu na Kabul. Alitaka kupima kimo cha jua, na chombo hakuwa nacho hata kimoja. Basi akauchukua ubao wake wa kufanyia hesabu, akaugeuza, akachora nyuma yake sehemu ya duara, akaigawa kwa digrii, kisha akaning'iniza timazi kama ya fundi mwashi. Akapima. Huyu ni mtu wa miaka 45, aliyewahi kuwa mshauri wa mfalme, sasa yumo katika nchi ya ugenini asiyoichagua, na anachora digrii nyuma ya ubao. Nikisikia mtoto anasema hakufanya zoezi kwa sababu rula ilipotea, huwa namkumbuka Biruni.

Katika safari za huko alifika ngome ya Nandana, katika Punjab, Pakistan ya leo. Hapo upo mlima unaotazama uwanda mpana. Biruni alipima kwanza urefu wa mlima kwa pembe kutoka chini, kisha akapanda juu akatazama pale ambapo ardhi inakutana na mbingu. Kwa kuwa dunia ni mviringo, mtu aliye juu anauona mstari ule uko chini kidogo ya usawa wa macho yake. Alipima upungufu huo akapata dakika 34, yaani zaidi kidogo ya nusu digrii. Kwa pembe hiyo moja na urefu wa mlima akakokotoa ukubwa wa dunia nzima. Wataalamu wanabishana dhiraa yake ilikuwa na urefu gani kwa mita, lakini jibu lake liko karibu sana na tunalolijua, kwamba kutoka katikati ya dunia mpaka juu yake ni kilomita 6,371 kwa wastani. Njia ya kale ilitaka watu watembee jangwani masafa marefu wakipima kwa kamba.

Habari hizi ameziweka katika kitabu alichokimaliza mwaka 1025, kinachohusu kutafuta mahali ilipo miji. Na kwa nini alitaka kujua Ghazna iko wapi hasa? Sababu mojawapo ni kibla. Asiyejua mji wake uko wapi na Makka iko wapi juu ya duara la dunia hawezi kukokotoa aelekee upande gani. Wale wanaouliza faida ya falaki waanzie hapo.

Sasa tuje kwenye kitabu tulichokitaja mwanzo. Mwaka 420 Hijria, yaani 1029, Biruni aliandika Kitab al-Tafhim, maana yake kitabu cha kufahamisha. Alikiandika kwa ajili ya binti mmoja aitwaye Rayhana bint al-Hasan, ambaye asili yake ni Khawarizm kama yeye. Dada zetu wasomao jarida hili walizingatie hilo: kitabu mashuhuri cha kuanzia falaki kiliandikwa kwa ombi la mwanafunzi mwanamke. Kina maswali zaidi ya 500, na kila swali lina jibu fupi. Hakianzi na nyota. Kinaanza kwa kuuliza nukta ni nini, mstari ni nini, pembe ni nini. Baadaye zinakuja hesabu, ndipo mbingu, umbo la dunia, miezi na miaka ya mataifa, na matumizi ya usturlabu, chombo cha kupimia nyota. Mtu asiyejua pembe hapelekwi kwenye mwezi. Kwa hiyo kijana anayenung'unika chuoni kwamba falaki imejaa jiometria alalamike kwa Rayhana kwanza.

Sehemu ya mwisho ya kitabu inaeleza utabiri wa nyota, kwa sababu watu wa zama zile waliutaka. Lakini Biruni aliweka wazi kwamba walio wengi wanauona utabiri kuwa ndiyo tunda la elimu hii, naye yuko pamoja na wachache wasiouona hivyo. Katika Kiswahili neno unajimu hubeba mambo mawili, kupima nyota na kupiga ramli kwa nyota, na ndiyo maana wazazi wengine huliogopa somo la kwanza kwa sababu ya la pili.

Wapo wanaoandika kana kwamba wanachuoni wetu waligundua kila kitu. Si kweli, na Biruni asingependa asingiziwe. Aliamini kama watu wa zama zake kwamba dunia iko katikati na jua huizunguka. Mashine ya chuo ingempa sifuri katika swali hilo. Katika kitabu chake kuhusu vivuli ameeleza pia habari ya mtu wa msikitini aliyekataa chombo cha nyakati za sala kwa sababu kilikuwa na miezi ya Warumi. Biruni akamjibu kwamba Warumi nao hula chakula, basi aache na kula.

Jambo moja nawaomba mlishike kwa usalama wenu. Ujanani alikuwa akilikodolea jua linapopatwa, na macho yake yakadhoofika. Aliliandika hilo ili kuwaonya wengine, akashauri kutazama taswira ya jua ndani ya maji. Leo tunajua hata taswira hiyo si salama kwa kukodolea. Watu waliokusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa, walihitaji miwani maalumu, na nyinyi msitazame bila hiyo.

Kwa Sultan Mas'ud, mtoto wa Mahmud, aliandika karibu mwaka 1030 al-Qanun al-Mas'udi, kitabu chake kikubwa kuliko vyote katika falaki. Inasimuliwa kwamba Sultan alimpelekea fedha mzigo wa tembo, naye akairudisha. Wakati huo huo alimaliza kitabu chake juu ya Bara Hindi, baada ya kujifunza lugha ya Sanskrit akiwa mtu mzima. Alipofika umri wa miaka zaidi ya 60 aliorodhesha vitabu vyake mwenyewe, vikawa 113, na bado aliendelea kuandika. Cha mwisho kilihusu dawa.

Alifariki Ghazna karibu mwaka 1050. Yaqut, mwandishi wa tarekhe, amepokea kwamba siku ile faqihi mmoja aitwaye Abu al-Hasan al-Walwaliji aliingia kumjulia hali, akamkuta pumzi zinambana. Biruni akamkumbusha suala la mirathi walilowahi kulizungumza, linalohusu hesabu ya fungu la bibi wa upande wa mama, akataka amweleze. Faqihi akamwonea huruma, akamuuliza kama huo ndio wakati wake. Biruni akasema kuiaga dunia akiwa analijua ni bora kuliko kuiaga akiwa halijui. Basi faqihi akamweleza, na Biruni akayarudia maelezo mpaka akayahifadhi. Faqihi akaaga, akatoka. Alikuwa bado yumo njiani aliposikia kilio kutoka katika nyumba ile.