Munganga Robert Koch na Tauni ya Ng'ombe



Hapa Kama hakuna mutu asiyejua neno BK. Ukikohoa majuma mawili na mwili unakonda, lopitalo watakuomba makohozi, wayatazame kama kuna BK. Ile herufi K ni jina la mutu: Robert Koch, munganga wa Ujerumani. Wengi wetu tunamjua kwa kifua kikuu tu, sababu njo tulivyoandika katika daftari ya biolojia. Mimi nitawaeleza upande mwingine wa maisha yake, ule wa kondoo na ng'ombe, na namna alivyofika Afrika kufuata ugonjwa ambao mdudu wake hakumuona hata siku moja.

Nilianza kumsoma kwa sababu ya nguruwe. Likizo iliyopita nguruwe saba za babu yangu walikufa kwa siku nane. Wa kwanza alikataa kula, masikio yakageuka mekundu, kesho yake akalala asiinuke tena. Jirani mmoja alipoona za kwake nazo zinaanza kulegea, akazichinja usiku na kupeleka nyama sokoni kwa baiskeli. Haikupita wiki mbili, tukasikia nguruwe wanakufa na kule nyama ilikokwenda. Wengine wakasema ni uchawi.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika muji wa Clausthal. Ulikuwa muji wa migodi, na baba yake alikuwa mukubwa katika kazi ile, kwa hiyo mutoto wa Maniema asingejiona mugeni sana kule. Walizaliwa watoto kumi na watatu. Alisoma uganga katika universite ya Göttingen, akamaliza mwaka 1866, akaoa, akahudumia askari katika vita vya 1870, halafu mwaka 1872 akawekwa munganga wa serikali Wollstein, muji mdogo ambao leo uko katika nchi ya Polandi.

Kule hapakuwa na laboratwari wala mwalimu wa kumuuliza. Kulikuwa na kondoo na ng'ombe wanaokufa kwa kimeta, na wakulima waliosema kwamba malisho fulani yamelaaniwa, sababu kila mwaka nyama wakila pale wanakufa. Koch alikuwa na mikroskopi moja. Akachukua damu ya nyama aliyekufa, akaiingiza katika panya kwa kijiti cha mti, panya akafa, na katika damu yake akaona vijiti vidogo vilevile. Akarudia panya kwa panya. Tena akaona kwamba vijiti vile hugeuka mbegu ngumu, na mbegu zile hukaa ndani ya udongo miaka mingi bila kufa. Basi malisho hayakulaaniwa. Mizoga iliyozikwa pale njo ilikuwa inaua. Mwaka 1876 alipeleka vyombo vyake Breslau kwa profesa Ferdinand Cohn, akaonyesha kazi yake mbele ya wakubwa wa sayansi. Alikuwa munganga wa kijiji, wa miaka thelathini na miwili.

Ya baadaye mnayajua. Mwaka 1880 aliitwa Berlin, tarehe 24 Machi 1882 akatangaza mdudu wa kifua kikuu, mwaka 1883 akaenda Misri halafu India kutafuta wa kipindupindu. Kanuni yake ilijulikana duniani pote: umuone mdudu ndani ya mgonjwa, umkuze peke yake, umtie katika nyama mzima, naye augue ugonjwa uleule. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu, na dawa ile haikuponya. Watu walikuwa wamekimbilia Berlin kwa matumaini makubwa. Jina lake liliumia sana.

Wakati ule Afrika ilikuwa inaungua. Kati ya 1887 na 1889 tauni ya ng'ombe, wengine wanaiita sotoka, iliingia kwa upande wa Massawa na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Italia. Ethiopia ikapoteza karibu ng'ombe zake zote na njaa ikafuata. Mwaka 1890 na 1891 ikawapiga Wamasai, watu ambao bila ng'ombe hawana chakula wala mahari. Nyati wa porini pia wakafa. Mwaka 1896 ikavuka mto Zambezi, ikafika Bulawayo.

Hapa tuangalie vizuri namna ilivyotembea. Ng'ombe akishikwa, siku za kwanza haonekani mgonjwa. Anavuta gari, anakunywa katika mto pamoja na wengine, kumbe tayari anagawa ugonjwa. Ndipo homa inakuja, machozi, vidonda vya mdomoni, kuhara, na kifo kwa siku chache. Kusini kule karibu mizigo yote ilivutwa na ng'ombe, kwa hiyo njia ya biashara njo ilikuwa njia ya tauni. Serikali zikaweka waya mrefu, bariera na polisi, zikapiga risasi hata makundi ambayo hayajaugua. Mutu mweusi aliona ng'ombe zake wazima wanauawa mbele ya macho yake na hakuna aliyemweleza sababu. Watu wa Rhodesia waliposimama kupigana mwaka 1896, hasira ile ilikuwamo. Waya haukusaidia kitu, tauni ikapita.

Serikali ya Cape ikamwita Koch. Mwezi wa Desemba 1896 alifika Kimberley, muji wa almasi, akapewa mahali pa kazi katika majengo ya kampuni ya De Beers. Akatazama damu ya ng'ombe wagonjwa kwa mikroskopi bora za wakati ule. Hakuona kitu. Nikifikiri juu ya siku zile namhurumia, sababu kanuni yake ilianza na kuona, na sasa mwalimu mwenyewe haoni.

Hata vile hakukaa bure. Kama hawezi kumuona mdudu, akaufuata ugonjwa ndani ya mwili, kiungo kwa kiungo, kujua ni kitu gani kinaua na kitu gani kinakinga. Februari 1897 alitoa jibu: chukua nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa tauni, sentimita kyubu 10, piga shindano chini ya ngozi ya ng'ombe mzima, na baada ya siku kumi atasimama katikati ya wagonjwa bila kuanguka. Ng'ombe wengi waliokolewa. Lakini kwa kupata nyongo lazima mwingine afe, kinga yenyewe haikudumu, na nyongo ingine ilipeleka ugonjwa mahali ambapo haujafika bado. Mwezi wa tatu Koch akapanda meli kwenda Bombay, ambako tauni ya watu ilikuwa imeingia. Kwa maoni yangu aliondoka mapema mno. Waliobaki, Kolle na Turner, wakaendeleza kazi kwa kutumia damu ya ng'ombe waliopona, na hiyo ikakinga vizuri zaidi. Kusini ya Zambezi ng'ombe zaidi ya milioni 2.5 walikufa.

Jibu la kwa nini hakuona lilitoka nyumbani kwake. Mwaka 1898 wanafunzi wake wawili, Löffler na Frosch, walikuwa wanachunguza ugonjwa wa miguu na midomo ya ng'ombe. Walipitisha maji ya vidonda katika kichujio kinachozuia vijidudu vyote, kama chekeche linavyozuia vipande vya muhogo na kuachia unga. Maji yaliyopita bado yaliuguza ndama. Mwaka 1902 Nicolle na Adil Bey walipata jambo lilelile kwa tauni ya ng'ombe kule Constantinople. Ilikuwa virusi, na mikroskopi ya Koch isingeweza kuionyesha kamwe.

Afrika hakuiacha. Kutoka Bombay alikwenda Dar es Salaam, akakaa mpaka 1898 akichunguza malaria na magonjwa ya ng'ombe. Kusini, watu waliomalizwa na tauni na vita walinunua ng'ombe wapya kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki, na vifo vikaanza upya. Koch akaitwa Bulawayo mwaka 1903. Akatazama damu, akakumbuka: viini hivi niliviona katika ng'ombe wa Dar es Salaam. Hii haikuwa virusi, aliweza kuiona, akaifuata mpaka kwao pwani. Lakini chanjo yake ilishindwa; ni kupe njo walikuwa wanaeneza, na kuogesha ng'ombe katika dawa kukasaidia zaidi.

Mwaka 1905 alipata zawadi ya Nobel. Mwaka 1906 alikuja visiwa vya Sese katika ziwa Victoria kutibu ugonjwa wa usingizi. Dawa aliyotumia iliitwa atoxyl, alipoongeza kipimo wagonjwa wengine wakapofuka macho. Nimeona vibaya kulificha. Alikufa Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, wa miaka 66.

Tauni ya ng'ombe imeisha. Walter Plowright alitengeneza chanjo nzuri kule Muguga, Kenya, halafu watu wakaufuata ugonjwa kundi kwa kundi. Mara ya mwisho ulionekana Kenya mwaka 2001, na mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba haupo tena. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo Montgomery aliiandika kwa mara ya kwanza kutoka Kenya mwaka 1921, bado iko na haina dawa ya kuiponya. Virusi yake inakaa katika nyama, hata nyama iliyokaushwa. Munganga wa nyama alipofika kwa babu alisema dalili ni zake.

Mimi na wenzangu wawili tulizunguka vijiji na daftari. Tuliandika nguruwe wamekufa wapi, siku gani, na nyama ilipita kwa nani. Karibu yote ilifuata njia ya ile baiskeli. Karatasi tumempa mwalimu wa biolojia.

Mukubwa wa wanafunzi, darasa la mwisho