James Braidwood: mkuu wa zimamoto London aliyechelewa kuikubali mashine ya mvuke

Ndugu wasomaji wetu mlioko London, mkishuka kituo cha London Bridge na kutokea upande wa Tooley Street, mnakuwa karibu kabisa na mahali alipofia mtu ambaye wengi Uingereza humtaja kuwa baba wa zimamoto ya kisasa. Kwenye barabara hiyo lipo bamba la ukumbusho lenye jina lake, James Braidwood. Watu hupita hapo kwa maelfu kila asubuhi wakiwahi kazini, na ni wachache wanaoinua macho kulisoma. Leo tumeona tuwaletee habari zake, kwa kuwa maisha ya bwana huyu yamefungamana na safari ya zimamoto ya jiji la London, kutoka pampu za kusukumwa kwa mikono hadi mashine za mvuke.

Braidwood alizaliwa mwaka 1800 katika jiji la Edinburgh, Scotland. Baba yake alikuwa fundi wa samani mwenye familia kubwa. Kijana alisomea kazi ya upimaji wa majengo, na elimu hiyo ndiyo iliyomfaa baadaye, maana alijua nyumba inavyojengwa na kwa hiyo alijua pia inavyoungua na inavyoanguka.

Mwaka 1824 Edinburgh iliamua kuwa na kikosi chake chenyewe cha zimamoto, badala ya kutegemea pampu za makampuni ya bima ambazo kila moja ilikuwa na watu wake na bwana wake. Kazi ya kukiongoza kikosi hicho akapewa Braidwood, naye alikuwa na umri wa miaka 24 tu. Hata hakupata nafasi ya kuwafundisha watu wake vizuri. Wiki chache baadaye, mwezi Novemba mwaka huo huo, ukazuka moto mkubwa ambao hadi leo unakumbukwa Edinburgh kama Moto Mkuu. Uliteketeza sehemu kubwa ya mji mkongwe kwa siku kadhaa, ukaua watu na kuacha mamia ya familia bila makazi. Wakati wa janga lile kila mkubwa wa mji alifika na kutoa amri yake, na wazimamoto hawakujua wamsikilize nani. Baada ya uchunguzi Braidwood hakuonekana na kosa. Badala yake ikakubaliwa kwamba penye moto amri iwe ya mtu mmoja tu, naye ni mkuu wa zimamoto.

Hapo ndipo alipoanza kujenga kikosi chake. Alichukua vijana wenye ufundi, yaani waezekaji wa mapaa, maseremala, waashi na mafundi bomba, watu waliozoea kupanda juu na kujua mbao na mawe. Aliwafanyisha mazoezi alfajiri mji ukiwa bado umelala, ili wazoee kufanya kazi gizani. Aliwafundisha kutambaa chini penye moshi, kwa sababu hewa nzuri hubaki karibu na sakafu. Alikataza mtu kuingia peke yake ndani ya nyumba inayowaka, ili mmoja akizidiwa mwenzake amtoe. Na juu ya yote aliwafundisha kwamba maji ya kurusha kutoka barabarani kupitia dirishani ni maji yaliyopotea. Mzimamoto sharti aingie ndani, aukaribie moto na kuupiga penye chimbuko lake. Mambo hayo aliyaandika katika kitabu alichokitoa mwaka 1830, na sifa zake zikafika London.

Mwaka 1833 makampuni kumi ya bima ya London yaliunganisha vikosi vyao na kuunda kikosi kimoja, wakamwita Braidwood akiongoze. Alipewa watu 80 na vituo 19 kwa jiji ambalo tayari lilikuwa na wakazi zaidi ya milioni moja na nusu. Ikumbukwe kwamba kikosi hiki hakikuwa cha serikali wala cha jiji. Kilikuwa mali ya wafanyabiashara wa bima, na lengo lao kubwa lilikuwa kupunguza hasara za majengo waliyoyakatia bima. Hata hivyo Braidwood hakuwa mtu wa kuuliza bima kwanza. Usiku wa tarehe 16 Oktoba 1834, majengo ya Bunge yalipowaka moto, yeye na watu wake walikwenda kusaidia ingawa hayakuwa na bima ya makampuni yale. Bunge liliteketea, lakini ukumbi wa kale wa Westminster ulinusurika, nao upo hadi leo.

Sasa tuje kwenye pampu zenyewe. Pampu ya zama zile ilikuwa sanduku kubwa juu ya magurudumu, lenye mti mrefu wa kushika kila upande. Watu walijipanga pande mbili, hawa wakishusha na wale wakipandisha, na maji yakasukumwa kupitia mpira wa ngozi. Pampu moja ilihitaji watu zaidi ya ishirini, na baada ya dakika chache mikono ilichoka, ikabidi wengine wapokee. Wazimamoto wenyewe wasingetosha, kwa hiyo waliitwa watu kutoka katika umati uliokuja kutazama. Kila mmoja alilipwa shilingi moja kwa saa ya kwanza na nusu ya hiyo kwa kila saa iliyofuata, pamoja na bia. Bia ikichelewa, kazi ilisimama. Kwa maneno mengine, usalama wa jiji kubwa kuliko yote duniani ulikuwa mikononi mwa wapita njia wenye kiu.

Na ajabu ni kwamba dawa ya shida hiyo ilikuwa imekwisha patikana. Mwaka 1829, pale pale London, mhandisi John Braithwaite pamoja na mwenzake John Ericsson wa Sweden walitengeneza mashine ya kwanza ya zimamoto inayoendeshwa kwa mvuke. Ilivutwa na farasi, ikachemsha maji kwa makaa, na mvuke ukasukuma pampu. Iliweza kurusha tani zipatazo 30 hadi 40 za maji kwa saa. Mwezi Februari 1830 ukumbi wa Argyll Rooms ulipoungua, baridi ilikuwa kali hata pampu za mikono zikaganda, lakini mashine ya mvuke iliendelea kufanya kazi kwa saa tano mfululizo. Braithwaite alitengeneza nyingine chache, mojawapo ikapelekwa Berlin. London yenyewe haikununua.

Braidwood alipofika London miaka mitatu baadaye angeweza kuliamsha jambo hilo, lakini hakufanya hivyo. Kwa karibu miaka thelathini aliikwepa mashine ya mvuke kwa matumizi ya nchi kavu. Tungependa kumtendea haki hapa, kwani hakuwa mjinga wala mvivu wa fikra. Alikuwa na sababu zake. Mashine ile ilikuwa nzito kwa mitaa myembamba, na ilihitaji muda kabla mvuke haujapata nguvu. Zaidi ya hayo, aliogopa kwamba mzimamoto akipewa maji yenye nguvu nyingi ataridhika kusimama mbali na kurusha tu, na mafunzo yote ya kuukaribia moto yatapotea. Aliona pia kwamba maji mengi mno huharibu mali kama moto wenyewe. Mabwana zake wa bima nao hawakuwa na haraka ya kuongeza gharama.

Lakini dunia haikusubiri. Mwaka 1852 kikosi chake kiliweka mvuke kwenye pampu inayoelea juu ya mto Thames, mahali ambapo uzito haukuwa tatizo. Mwaka uliofuata, 1853, jiji la Cincinnati huko Marekani lilianzisha kikosi cha wazimamoto wa mshahara wenye mashine za mvuke, na miji mingine ya nchi hiyo ikafuata. Ilipofika mwaka 1860 ndipo Braidwood alipokubali kuijaribu mashine ya mvuke ya nchi kavu, iliyotengenezwa na kampuni ya Shand Mason ya hapo hapo London. Wakati huo yeye alikuwa mtu wa miaka sitini.

Kulikuwa na hatari nyingine ambayo yeye aliiona mapema kuliko wengine wote. Kando ya mto Thames yalikuwa yamejengwa maghala makubwa mno, ghorofa juu ya ghorofa, yaliyojaa pamba, katani, juti, sukari, chai, viungo na mafuta ya wanyama, bidhaa za kutoka pande zote za dunia. Braidwood aliionya serikali kwa maandishi miaka kadhaa kabla kwamba moto ukishika katika jengo la ukubwa ule, kikosi chake hakitakuwa na uwezo wa kuuzima. Aliungwa mkono kwa maneno, lakini maghala yakaendelea kujengwa na kujazwa. Wahenga wetu wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Safari hii ukuta ndio uliokuja kumwua mwenye kuonya.

Jumamosi tarehe 22 Juni 1861, alasiri, moto ulionekana katika ghala la Cotton's Wharf, Tooley Street. Inaaminika kwamba ulianzia kwenye marundo ya katani yaliyopata joto yenyewe. Milango ya chuma iliyowekwa kuzuia moto usipite kutoka chumba hadi chumba ilikuwa imeachwa wazi. Braidwood alifika upesi, na pampu zake zikafuata, ikiwemo ya mvuke. Lakini maji ya mto yalikuwa yamekupwa, na pampu za kuelea hazikuweza kusogea karibu. Joto lilikuwa la kutisha. Mafuta ya wanyama yaliyeyuka na kumiminika mtoni yakiwaka.

Mnamo saa moja na nusu jioni Braidwood alikuwa akiwazungukia watu wake, waliokuwa wamechoka sana, akiwagawia brandi kidogo ili wapate nguvu. Ghafla ukuta wa ghala ulipasuka na kumwangukia. Alikufa papo hapo, na ilichukua siku mbili kuupata mwili wake chini ya kifusi. Moto wenyewe uliendelea kuwaka kwa wiki mbili, na hasara ilikadiriwa kufikia pauni milioni mbili, fedha nyingi sana kwa zama zile.

Alizikwa tarehe 29 Juni katika makaburi ya Abney Park, kaskazini mwa London, pembeni ya mtoto wake wa kambo, naye mzimamoto, ambaye alikufa kazini miaka michache kabla yake. Msafara wa mazishi ulikuwa na urefu wa takriban maili moja na nusu. Vifungo vya koti lake la kazi vilitolewa na kugawiwa kwa wazimamoto wake wawe navyo kama ukumbusho.

Yaliyotokea baadaye yanaonyesha jinsi kifo kinavyofanya kile ambacho barua hazikuweza. Makampuni ya bima yalipohesabu hasara yao, yalipandisha malipo na kuieleza serikali kwamba hayawezi tena kuulinda mji mzima kwa fedha zao. Mwaka 1863 mashine za mvuke zilishindanishwa hadharani pale Crystal Palace, na ile iliyopewa ushindi katika kundi la mashine kubwa, iitwayo Sutherland, imehifadhiwa katika makumbusho hadi leo. Mwaka 1865 Bunge lilipitisha sheria, na tarehe 1 Januari 1866 London ikapata zimamoto ya umma. Serikali ilichangia pauni 10,000 kwa mwaka, makampuni ya bima pauni 35 kwa kila milioni ya mali waliyoikatia bima, na sehemu iliyobaki ikatoka kwenye kodi ya wakazi. Mkuu wake alikuwa Kapteni Eyre Massey Shaw kutoka Ireland, aliyerithi nafasi ya Braidwood. Shaw aliongeza mashine za mvuke, akaunganisha vituo kwa telegrafu, na farasi wakikimbia na boila linalofuka moshi wakawa jambo la kawaida mitaani. Farasi wa mwisho wa zimamoto ya London walistaafu mwaka 1921, magari ya petroli yalipochukua nafasi yao.

Je, tuseme Braidwood alikosea? Kuhusu mvuke, tunaona alichelewa, na jiji lilikaa na pampu za mikono muda mrefu kuliko ilivyopaswa. Lakini Shaw alipozileta mashine nyingi, alizikuta mikononi mwa watu wanaotii amri moja, wanaoingia wawili wawili na wanaojua kuutafuta moto ulipo. Mashine bila watu wa namna hiyo ni chuma tu. Na kuhusu maghala hakukosea hata kidogo. Pale Tooley Street mashine kumi za mvuke zaidi zisingeokoa jengo lililojazwa kupita kiasi na kuachiwa milango wazi.

Mwaka 2008 mji wake wa Edinburgh ulimsimamishia sanamu. Sisi tunawaomba wasomaji wetu wa London, siku mkipita Tooley Street, msimame dakika moja mbele ya lile bamba. Na ndugu zetu wa nyumbani wenye masoko na maghala, mtuwie radhi kwa kuwauliza: milango yenu ya dharura leo imefungwa kwa kufuli, au inafunguka?